Sauti ya Mwalimu wa Kushona

Philomena Haule hakujua Kiarabu wala Kikabaili, lakini kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha maneno ya lugha hizo mbili. Alikaa mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, akitazama mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye kioo. Aliondoa kikohozi hapa, mlango uliobamizwa pale, pumzi ndefu ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wasikilizaji walikuwa mbali sana: Moroko, Tunisia, na hasa milima ya kaskazini mwa Aljeria wanakokaa Wakabaili, ambao ni Waberberi na wana lugha yao. Studio ilikuwa chini ya kanisa moja la matofali huko North York, Toronto, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti.

Kazi yenyewe alijifunzia Songea, kwenye redio ya jimbo, akirekodi kwaya na matangazo ya vifo. Alipomfuata mumewe Kanada mwaka 2003, alianza kwa kufunga mikate kiwandani. Mumewe, Silvanus, alikuwa na kazi ya maabara hospitalini. Siku moja, kwenye harusi ya Wakongo, spika ziligoma katikati ya sherehe na Philomena akainuka kuzitengeneza akiwa na gauni lake refu. Mchungaji Eustache alikuwa meza ya pili. Alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, mwenye kicheko cha kujaza ukumbi, na alikuwa anatafuta mtu wa sauti kwa ajili ya redio yake.

"Mama, uko na kazi?" akamuuliza palepale.

"Nafunga mikate."

"Acha mikate. Kuja kwangu."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kikiruka Jumatano na kurudiwa Jumamosi, kwa masafa mafupi na kwenye tovuti: nyimbo, somo la Biblia, na sauti za wasikilizaji waliopiga simu na kuacha ujumbe. Upande wa Kiarabu ulishikwa na mzee mmoja Mmisri aliyekuwa akijitolea. Upande wa Kikabaili ulikuwa wa Tassadit, mwanamke wa umri wa miaka arobaini hivi, mfamasia wa Richmond Hill, aliyezaliwa katika milima hiyohiyo na kuondoka akiwa msichana.

Katika Kiarabu Philomena aliokota maneno aliyoyafahamu kama mtu anayeona nyuso za watani sokoni ugenini: kitabu, roho, dunia, sabuni. Katika Kikabaili aliokota machache zaidi, nayo yalipita haraka. Mengine yote yalikuwa sauti tu. Kwa hiyo Tassadit alikaa naye bega kwa bega, akimgusa mkono pa kukata.

Kilichomtia Philomena wasiwasi tangu siku ya kwanza ni wale waliopiga simu. Nchini kwao sheria ilimwadhibu mtu anayewavuta Waislamu waache dini yao, lakini wengi hawakuogopa sheria kwanza. Waliogopa mjomba, mwenye nyumba, mwajiri. Baadhi yao hata hawakuwa wamebadili dini. Walikuwa wapweke tu na walitaka kuuliza maswali. Waliomba sauti zao zibadilishwe, na hiyo ilikuwa kazi ya Philomena. Alishusha sauti ya mwanamke hadi ikawa nzito, au akaipandisha ikawa nyembamba. Kisha alivua hedifoni na kuisikiliza kwenye redio ndogo ya betri, kama atakavyoisikia mtu jikoni kwake, akijiuliza: angekuwa dada yangu, ningemtambua?

Alikuwa mtu wa wasiwasi kwa tabia. Silvanus alimtania kwamba akitoka nyumbani huaga jiko kabla ya kumuaga yeye. Lakini wasiwasi huo ndio uliomfanya awe mzuri katika kazi yake, na Tassadit alilijua hilo.

Nyumbani kwao ilikuwa Thorncliffe Park, ghorofa ya juu katika mojawapo ya yale majengo marefu yanayotazamana. Mlango wa pili waliishi Shahbanu na mumewe Alnasir, Waismailia, yaani Waislamu wa asili ya Kihindi, wa Tabora walioondoka Tanzania miaka ya sabini. Shahbanu, Mama Shamir kwa jina la mwanawe, alizungumza Kiswahili cha Tabora kilichokaa kama kilivyoondoka, na alipomsikia Philomena akimgombeza mtoto kwenye lifti siku ya kwanza walipokutana, alimshika mikono yote miwili na machozi yakamtoka. Tangu hapo binti wa Philomena, Gift, aliyekuwa na miaka saba, alishinda kwa Shahbanu kila mama yake alipochelewa. Alisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, na wote wawili walielewana.

Shahbanu alijua kwamba jirani yake anafanya kazi kwenye redio ya kanisa. Aliposikia "redio ya kanisa" alifikiria kwaya na mahubiri ya Jumapili kwa Wakristo. Philomena hakumsahihisha. Kila alipotaka kumweleza aliiona picha ya uso wa yule mama ukibadilika, akanyamaza, akamwomba chai nyingine.

Februari ya mwaka 2008 Tassadit alilazwa ghafla kwa mawe ya nyongo. Ilikuwa wiki ya baridi kali, mabasi yakichelewa na chumvi ya barabarani ikila viatu. Kipindi cha Jumatano kilikuwa karibu tayari. Kilichobaki ni ujumbe mmoja wa simu, mwanamke akizungumza Kikabaili dakika chache, kwa sauti ya chini yenye utulivu. Mwanzoni mwa ujumbe alikuwa ameomba, kwa Kifaransa, sauti yake ibadilishwe. Hicho Eustache alikielewa.

"Nani ameusikiliza wote?" Philomena aliuliza.

"Mzee wetu Mmisri. Anasema hakuna jina ndani, la mtu wala la mji."

"Lakini huyu anaongea Kikabaili."

"Mama Gift, kule wote wanasikilizana. Uko na woga sana. Badilisha sauti, tuma. Mungu atalinda watu wake."

"Tumngoje Tassadit. Tuweke wimbo mahali hapa."

"Wasikilizaji wanangojea ushuhuda, hawangojei wimbo."

Philomena alikaa na hedifoni kwa muda mrefu. Aliisikiliza sauti ile mara nyingi, akitegea jina lolote. Alisikia kitu kama "dunia," akasikia kitu kama "roho." Aliishusha mpaka ikawa sauti ya mwanamke mzee mwenye kifua. Kisha akatuma.

Jumamosi, saa sita mchana ikiwa imepita, alikuwa nyumbani akimsuka Gift. Shahbanu alikuwa amekuja na kikombe chake, kama kawaida, akikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Silvanus alikuwa zamu na gari lilikuwa kwake. Simu ikalia. Alikuwa Tassadit, aliyeruhusiwa kutoka hospitali jana yake, naye alikuwa ametoka kusikiliza kipindi kwenye tovuti akiwa kitandani. Wao wawili walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake.

"Nani aliruhusu ujumbe ule?" Tassadit alisema. Hakusalimia.

"Eustache. Mzee alisema hakuna jina."

"Jina la nini? Amesema ni mjane na anafundisha wasichana kushona katika jengo la posta ya zamani, juu ya duka la mikate! Kuna posta ngapi za zamani zenye mjane anayefundisha kushona? Philomena, kila mtu wa bonde lile atajua. Sauti unaweza kuibadilisha ukitakavyo, haitasaidia kitu."

Philomena alikaa chini. Kitana kilimponyoka.

"Mama, what is it?" Gift aliuliza. Shahbanu aliweka kikombe chini, akamchukua mtoto, akampeleka chumbani kwake na kumfungulia katuni. Aliporudi alisimama mbele ya Philomena.

"Kuna msiba?"

"Hapana, Mama Shamir. Sijui. Pengine."

Akamweleza. Hakuweza tena kuchagua maneno. Alimweleza redio ilikuwa ya nani na iliwalenga nani, akamweleza habari ya mwanamke wa Aljeria ambaye hakuwahi kumwona. Uso wa Shahbanu ulibadilika, kama Philomena alivyouogopa siku zote. Ulifungwa.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuingia majumbani mwa Waislamu," alisema polepole. "Miaka yote hii ninakulelea mtoto ili ukafanye hiyo."

"Mama Shamir, nilitaka kukuambia."

"Hukutaka." Akatazama theluji dirishani. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa: "Hicho kipindi kimekwisha, au bado kinasikika?"

Hapo ndipo Philomena alipokumbuka. Ilikuwa Jumamosi. Kipindi kingerudiwa saa nane mchana kwa saa za Toronto, ambayo kule ni saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani. Waliokosa Jumatano na kusikia uvumi wangekaa mbele ya redio kuthibitisha kwa masikio yao. Na faili lilikuwa limekwisha kufika kwenye kituo cha kurushia matangazo huko Ulaya, likingojea saa yake.

Alimpigia Eustache. Alikuwa Ottawa kwenye mkutano wa wafadhili, simu imezimwa. Alipiga tena na tena. Namba za kituo cha Ulaya na neno la siri la kubadilisha faili vilikuwa studio. Alitazama nje: basi lingechukua zaidi ya saa moja katika hali ile, kama lingekuja.

Shahbanu alikuwa amefungua mlango wa kwake na kuita. Alnasir alitokea na sweta lake la kijivu, miwani juu ya paji la uso. Mkewe alimwambia maneno machache kwa Kikachi, lugha ya wazee wao, kwa ukali, na Philomena aliona macho ya mzee yakimwangukia na kubaki hapo. Kisha mzee akaingia ndani akarudi na funguo za gari.

Garini Philomena alijaribu kuanza: "Mzee Alnasir, samahani sana..."

"Mke wangu amekasirika," Alnasir alisema akirudisha gari nyuma. "Mimi pia. Tutakuja kukasirika vizuri baadaye. Funga mkanda."

Aliendesha kwa uangalifu wa wazee, mikono miwili kwenye usukani, na Philomena alitamani kumwomba aongeze mwendo na hakuthubutu. Barabara kuu ilikuwa imejaa magari yanayotambaa. Vifuta-kioo vilisukuma theluji nayo ikarudi. Kwenye kila taa nyekundu alibonyeza tena namba ya Eustache na kusikia sauti ileile ya mashine ikimwambia aache ujumbe. Alifikiria kuhusu mwanamke wa posta ya zamani. Pengine wakati huu alikuwa anapika. Pengine hakujua bado. Pengine alijua tangu Jumatano.

"Ana watoto?" Alnasir aliuliza ghafla.

"Sijui. Hata jina lake silijui."

Mzee akatikisa kichwa, lakini akalipita lori lililokuwa mbele yao.

Mlango wa kanisa ulikuwa umezibwa na theluji. Alnasir aliusukuma pamoja naye. Kompyuta ya studio ilichukua muda wake wa kawaida kuamka, na Philomena alisimama mbele yake akijishika mabega. Kwanza aliondoa kipindi kwenye tovuti. Kisha akatafuta nusu saa ya nyimbo za Kikabaili ambazo Tassadit alikuwa amezikusanya, akazipa jina la faili la siku ile, akazituma. Mstari wa kupakia ulisogea kidogo ukasimama, ukasogea tena. Ulipofika mwisho alipiga simu Ulaya.

Aliyepokea alikuwa kijana mwenye Kiingereza cha taratibu. Alimsikiliza, kisha akasema kwamba mabadiliko huombwa siku moja kabla, na huombwa na mkurugenzi.

"Mkurugenzi hapatikani."

"Basi sina namna, mama. Mfumo umekwisha kupangwa."

"Bado una dakika."

"Wewe ni nani katika redio hiyo?"

Philomena angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari kusema yeye ni naibu mkurugenzi. Akasema: "Mimi ni mhariri wa sauti. Mimi ndiye niliyeituma rekodi ile. Kuna mwanamke ndani yake ambaye atatambulika, na watu wa mji wake wanangoja kumsikia. Ikiruka, atakayeumia ni yeye. Andika jina langu mahali popote unapotaka, niadhibiwe mimi, lakini usiirushe."

Alisikia vidole vikigonga kibodi, au pengine alitamani kuvisikia. "Ngoja," kijana akasema, na simu ikaanza kupiga muziki.

Alnasir alikuwa amekaa kwenye kiti cha Tassadit na koti lake, mikono magotini. Philomena aliwasha redio ya mtandao ya kituo kile, simu ikiwa bado sikioni. Saa nane ikafika. Ukaja muziki wa kufungulia kipindi, uleule wa siku zote, ambao kituo kiliuweka mbele ya kila faili, kwa hiyo haukumwambia lolote. Kisha muziki ukaisha. Pakawa na kimya kifupi. Kisha kwaya ya wanawake ikaanza kuimba.

Alilia pale aliposimama. Alnasir alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu, akasema, "Haya. Twende, mtoto hajala."

Eustache alirudi Jumatatu. Alikuwa amekwisha kupata barua ya malalamiko kutoka Ulaya, na alikuja studio bila kuvua kofia.

"Mama Gift, umevuka mpaka. Ungeningoja."

"Ungepokea simu, Mchungaji, ningekungoja."

"Niliomba mzee asikilize. Alisema hakuna jina."

"Alisikiliza lugha asiyoijua, akaona haya kusema. Na wewe ulimwamini kwa sababu ulikuwa na haraka. Na mimi nilituma kwa sababu nilikuogopa. Sote watatu tumo."

Eustache hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti, kikalia chini ya uzito wake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Philomena hakuwahi kuisikia kwake: "Huyo mama yuko wapi sasa?"

Hawakujua. Tassadit, bado na bandeji tumboni, alipiga namba ya mwanamke yule kila siku. Ilikuwa imezimwa. Kupiga kwingine kokote kungekuwa hatari zaidi: ukiuliza habari za mtu mjini kwao unamwonyesha kidole. Kwa hiyo walingoja, na kungoja kule kulimmaliza Philomena. Alikonda. Simu ya nyumbani ikilia alishtuka mpaka Gift akaanza kukimbia kuipokea yeye, ili mama asishtuke. Silvanus alimwambia aache kazi ile. Akajibu kwamba akiacha hatajua kamwe.

Siku moja alimwomba Tassadit amfasirie ujumbe wote, neno kwa neno. Tassadit aliufasiri akitazama ukuta. Mwanamke alikuwa amesema hivi: kwamba mumewe alipokufa watu walileta chakula, kisha wakasahau. Kwamba mchana ana wasichana wa kushona na jioni hana mtu, na redio yao ndiyo inayopiga soga naye jikoni. Kwamba hajui bado kama anaamini wanayoyasema, lakini anapenda namna wanavyoyasema bila kugombeza. Basi. Hakukuwa na ushuhuda wowote. Eustache, aliposikia tafsiri hiyo, aliinamisha kichwa na hakusema "Mungu atalinda."

Kwa Shahbanu mlango ulikuwa umefungwa. Wakikutana kwenye lifti Philomena alisema "Shikamoo, Mama Shamir," na Shahbanu alijibu "Marahaba" akitazama namba za ghorofa. Gift alipelekwa kwa mama mwingine wa ghorofa ya chini. Hilo nalo lilimuuma Philomena, hasa kwa kuwa mtoto aliuliza kosa lake ni nini.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, theluji ikianza kuwa tope, Shahbanu alipogonga.

"Yule mwanamke," alisema akiwa mlangoni. "Mmempata?"

"Bado."

Shahbanu aliingia akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, lakini hakuvua shali. "Nitakuambia ukweli, usikasirike. Mtu akija kwangu kuniambia dini yangu haitoshi, ananiudhi. Babu zangu waliacha kila kitu kwa ajili ya hii dini. Sitapenda kazi yako hata uifanye miaka mia."

"Nakuelewa, Mama Shamir."

"Lakini kila nikisali jamatkhana, msikitini kwetu, huyo mjane ananijia. Simjui, na ananijia. Kwa hiyo ukipata habari uniambie, iwe nzuri iwe mbaya." Philomena akaahidi. Shahbanu akasimama. "Na mtoto arudi kwangu. Huko chini anakula chipsi tu."

Habari ilikuja wiki chache baadaye, mchana, kwenye simu ya wasikilizaji. Tassadit ndiye aliyepokea, na Philomena alikuwa upande wa pili wa kioo na hedifoni masikioni. Alisikia sauti ya mwanamume, ya haraka, yenye hasira iliyozuiwa. Alimwona Tassadit akishika ukingo wa meza. Mazungumzo yalikuwa marefu. Tassadit aliongea kidogo sana, na simu ilipokatika aligeukia kioo.

"Ni kaka yake," alisema.

Yule kaka alikuwa ameanza kwa kusema kwamba yeye anaswali, hataki redio yao, na hakupiga kwa ajili ya dini. Alipiga kwa ajili ya dada yake. Jumatano ile mama yao mzazi alikuwa jikoni na aliisikia redio. Alisema: huyu mtu anaongea kama binti yangu, ila ana mafua. Maneno ya mwanawe aliyatambua kwa namna yalivyopangwa, si kwa sauti. Na wengine walimtambua kwa ile posta. Kesho yake wasichana wawili hawakuja kushona, na kesho kutwa hakuja hata mmoja. Mwenye jengo akabadilisha kufuli. Mtu akaandika maneno machafu kwenye mlango wa nyumba, na kaka alitumia asubuhi nzima kuyasugua.

"Halafu Jumamosi," Tassadit aliendelea, "watu walikusanyika. Kwenye mkahawa walileta redio, wakaiweka mezani wasikie wote. Kaka alikuwa hapo. Anasema alikuwa amejiandaa kupigana. Wakasikia nyimbo, mwanzo mpaka mwisho. Wengine wakaanza kuwacheka walioeneza habari, wakasema ni uzushi wa wanawake. Akatumia nafasi hiyo. Alfajiri alimpandisha dada yake basi, wakaenda kwa shangazi yao pwani."

"Yuko salama?"

"Yuko hai, na hakuna aliyemgusa. Amepoteza nyumba na kazi na mji wake. Sijui neno la hilo ni lipi."

"Alisema nini tena?"

Tassadit alisita. "Ametaka tufute sauti yake. Yote, hata ile ya asili. Na tusimtafute tena."

Waliifuta pamoja, siku hiyohiyo, Eustache akiwa amesimama nyuma yao. Philomena aliulizwa na kompyuta kama ana hakika, akabonyeza. Jioni alimweleza Shahbanu yote mlangoni, naye Shahbanu aliziba mdomo kwa ncha ya shali, akasema tu, "Maskini, mama yake," kisha akaingia ndani kumwambia Alnasir.

Baada ya hapo Philomena alimpa Eustache sharti, na alilitoa mbele ya kamati nzima: hakuna sauti ya msikilizaji itakayotoka kabla ya watu wawili wanaoijua lugha hiyo kuisikiliza na kukubali, na kama hawapo, nyimbo. Mjumbe mmoja alisema redio ya nyimbo haiwezi kuombewa mchango. Eustache ndiye aliyemjibu, kwamba basi isiombewe. Philomena mwenyewe alianza kujifunza Kikabaili kwa Tassadit, kwenye mapumziko ya chakula, akiandika kwa herufi za Kiswahili jinsi alivyosikia. Hakukijua vizuri kamwe. Lakini alifika mahali pa kuweza kutambua maneno ya kazi na mahali: mwalimu, fundi, daraja, shule, posta. Akilisikia mojawapo alisimamisha kila kitu.

Redio iliendelea hadi mwaka 2013, wafadhili walipohamia kwenye televisheni na mitandao na studio ikarudi kuwa stoo. Philomena alipata kazi ya kurekodi vitabu kwa ajili ya wasioona. Wasiwasi haukumtoka, wenzake huko walizoea kumwona akivua hedifoni, akiisikiliza kazi iliyokwisha kupitishwa, na kumwita mtu apite aisikilize pia.

Mwaka uliofuata Tassadit alikwenda Montreal kwenye msiba wa Mkabaili mwenzake, na katika mazungumzo ya jamaa akagundua kwamba mwanamume aliyekuwa akigawa kahawa alikuwa yuleyule kaka; alimtambua kwa sauti. Kaka huyo alikuwa amehamia Kanada na mkewe. Walizungumza kando, kwenye ngazi. Dada alikuwa bado pwani. Alikuwa na cherehani zake mbili sasa, na chumba cha kukodi kinachotazama barabara, na wateja wa nguo za harusi. Mama yao alikwenda kukaa naye.

Philomena alisikiliza yote hayo kwenye simu, amesimama jikoni kwake, mkono kwenye swichi ya jiko.

"Bado anasikiliza redio?" aliuliza. "Yoyote?"

"Sikumuuliza," Tassadit alisema. "Niliona hilo halituhusu tena."

Philomena alikubali kwamba ni kweli. Alimshukuru, akakata simu, akaenda mlango wa pili kumpa Shahbanu habari, maana alikuwa ameahidi.